Nyuma ya Fomu ya Sumeya

Chula, 6 Oktoba 2024

Kwa shangazi yangu Mwanahija binti Fakihi, Kisauni, Mombasa.

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Nakubusu mkono, shangazi. Sisi huku kisiwani wazima, alhamdulillahi. Mamako, Bibi Mwanaharusi, hajambo ila goti. Hilo goti sasa limekuwa kama mgeni nyumbani, kila asubuhi sharti liulizwe limelalaje. Mdogo wangu Sumeya mzima. Mimi mzima, mikono tu imechubuka kwa kuziba mashua kalafati. Kuku wako yule mwekundu uliyemwacha kwa Bibi alikufa zamani lakini Bibi hataki uambiwe, basi jifanye hujasoma hapa.

Jamali, alipokuja na mizigo yake, ameniambia hutaki simu, unataka barua. Nimefurahi. Kwenye simu wanijua, nasema "eh, eh" mpaka salio linakwisha na sijasema neno. Usiucheke mwandiko. Nimesoma chuo cha Kurani, na skuli miezi saba pale kambini kwa wakimbizi, halafu marehemu baba akanitoa tuje tujenge mashua. Sumeya amekaa hapa ubavuni ananikosoa. Anasema niandike "mtu", nisiandike "mchu". Nimemwambia ashike kalamu yeye. Amekataa, anasema mwenye nyumba ni mimi.

Jambo lenyewe ni hili. Tumeiuza mashine ya boti ya baba. Ndiyo, ile. Nimepata dola elfu mbili na mia moja. Bibi hakulia, alisema tu mashine haizai. Pesa hizo ni za Sumeya asome ukunga. Cheti chake cha sekondari cha kambini anacho, na alama zake nzuri. Hakuna mashine nyingine ya kuuza, shangazi, kwa hivyo tukikosea chuo tumekosea moja kwa moja.

Huku Kismayo kuna chuo kimoja wanachukua dola mia mbili na arubaini kwa muhula, mihula minane. Wewe ulimwambia Jamali kuna chuo Mombasa kizuri kuliko hicho. Niambie ni kizuri vipi. Mimi ni mtu wa mbao, nieleweshe polepole.

Msalimie binti yako Khairat. Tunajua na yeye alisoma huko huko ukunga, basi tutasikia mengi kwake.

Mimi mwanao,
Shuaibu wa Omar


Kisauni, 23 Oktoba 2024

Mwanangu Shuaibu,

Waaleikum salaam, na mkono wako nimeupokea na macho nimeyafuta. Mwandiko wako nimeucheka, uongo dhambi, lakini kicheko cha furaha. Marehemu kakangu angekuona! Yeye jina lake mwenyewe alikuwa akiliandika kama mtu anayepiga msumari.

Mamangu mpe salamu, mwambie nimetuma dawa ya goti, apake usiku asiinywe. Na kuku habari zake nilizijua mwaka jana, Jamali hana siri.

Sasa sikiliza. Hicho chuo cha Kismayo ni miaka minne. Minne! Msichana ataingia ana miaka ishirini atoke ana ishirini na nne, na wachumba wamekwenda. Hiki changu cha Mombasa ni miaka miwili, mihula sita, shilingi arubaini elfu kila muhula. Piga mwenyewe, ni dola elfu moja na mia nane na kitu, na bado inabaki ya nauli. Na kulala ni kwangu, kula kwangu, hata sabuni kwangu. Huko Kismayo atalala wapi? Kwa nani?

Kule atapata shahada, ni kweli, na hapa ni stashahada. Usitishwe na jina. Kazi ni kazi. Mombasa ni Mombasa, mwanangu. Mtu akisikia umesoma Mombasa huinua kichwa. Kismayo nani atainua kichwa?

Nimemwekea Jamali karatasi yao yenye picha, na fomu. Fomu nimeshaanza kuijaza mimi ili nikupunguzie kazi, wewe tia jina la Sumeya na saini yako tu. Halafu irudi haraka, nafasi zinakwisha. Kuna kozi mbili, uuguzi na ukunga, achague kozi yake.

Khairat mzima. Yuko kazini, anashinda huko. Usinipigie kwa simu, simu ni yake na nyumbani huja nayo usiku amechoka. Barua ni bora.

Shangazi yako,
Mwanahija


Kismayo, 15 Novemba 2024

Kwa shangazi yangu mpenzi,

Nakuamkua kwa heshima. Barua yako ilifika Chula na dawa ilifika, Bibi amepaka, anasema inanuka kama harusi ya watu wengine. Goti limepoa kidogo, tumbo sasa ndilo linalouma, basi tuko pale pale.

Shangazi, barua yako imetuletea vita. Niliisoma kwa sauti mbele ya Bibi, na nilipofika pale pa shahada akanishika mkono. Akasema, "Soma tena." Nikasoma. "Kule atapata shahada." Akasema, "Mchu hutamkishwa shahada yuafa. Sumeya yuafa?" Nikasema la, Bibi, Sumeya hafi, ni karatasi ya kumaliza masomo. Akasema, "Shahada yake anayo tangu kuzaliwa, nilimsomea adhana mimi mwenyewe sikioni. Hao wanaotaka kumpa nyingine wamemwona kafiri?" Sumeya alicheka mpaka akatoka nje. Na mimi nikazidisha, nikasema Mombasa hawatoi shahada, wanatoa stashahada. Bibi akauliza, "Hiyo ndiyo nusu yake?" Nikasema kama nusu. Akasema, "Nusu shahada! Wallahi haendi." Imetuchukua siku tatu kumtuliza. Hata hapo pa kozi alisema kozi ni ndege mwizi wa vifaranga, achague kozi gani? Hiyo nilimwachia, nilikuwa nimechoka.

Nimekuja Kismayo na Sumeya. Nimepata kazi ya wiki mbili hospitali kubwa, kutengeneza milango ya stoo na rafu za dawa, upande wa kina mama. Mimi na mbao zangu tuko ukumbini nje, ndani siingii. Lakini fundi, shangazi, ni kama kiti. Watu hupita wanasema yao, hawakuoni. Mimi naona.

Nikinunua mbao za mashua simuulizi muuzaji. Muuzaji atasema mninga huu, mvule huu, yote mazuri. Mimi huenda kutazama mashua iliyojengwa na mbao zake miaka minane nyuma, naingiza kisu pale chini penye maji. Basi chuo nacho nimekifanya hivyo hivyo. Langoni kwao sikwenda kusoma ubao. Natazama waliotoka.

Hapa wako wasichana sita waliosoma hicho chuo cha Kismayo. Wawili, nisikufiche, sijapenda. Wanashika simu kuliko wanavyoshika wagonjwa. Wanne wanafanya kazi. Na kati yao kuna mmoja, Swabra, Mbajuni wa kisiwa cha Ngumi, mdogo hivi, sauti haisikiki, kama mimi. Huyo ndiye kila mtu humuita. Nilijikaza siku ya tano nikamuuliza, nikiwa nimeinamia msumari nisimtazame: kazi hii umejifunza wapi hasa, darasani? Akasema darasani alijifunza majina. Kazi aliijua hapa, kwa sababu chuo huwaleta wodini kuanzia mwaka wa pili, siku tatu kila wiki, na mkunga mkuu huwatia alama.

Kwa hivyo naomba unijibu mambo mawili tu. Hicho chuo cha Mombasa huwapeleka wanafunzi hospitali gani, na kuanzia lini? Na Khairat siku hizi yuko hospitali gani? Sumeya anataka kumuuliza mambo ya mazoezi.

Picha ya ile karatasi tumeiona. Kuna kitanda, na juu yake amelala mtu wa mpira. Mtu mwenye damu sijamuona.

Mwanao,
Shuaibu


Kisauni, 4 Desemba 2024

Mwanangu,

Salamu nyingi na baada ya salamu ni masikitiko. Mamangu nimemcheka mpaka nimelia, lakini wewe umenitia huzuni. Mimi nakuandikia kwa mapenzi, wewe unanipima kwa kisu cha mbao?

Hapa mvua zimeanza na kukatika. Jirani yetu wa chini ameoa mke wa pili, nyumba nzima hatulali kwa kelele za yule wa kwanza. Bei ya unga imepanda. Samaki ndio usiseme, mtoto wa Chula mimi nanunua kipande cha jodari kama dhahabu.

Kuhusu chuo. Kiko ghorofa ya tatu, kina lifti. Mwenye chuo ni mtu mcha Mungu, ana ndevu nzuri, huzungumza nasi kwa adabu. Wanafunzi huvaa sare nyeupe na beji ya jina. Kompyuta ziko kumi na mbili. Mahafali yao hufanywa ukumbi wa hoteli, na picha hupigwa. Ungeona, ungejua tofauti ya chuo na chuo.

Utasema Sumeya hana kitambulisho cha huku. Hilo hukulisema lakini najua umelifikiria, maana wewe hufikiria mambo pembeni. Karatasi hufanywa, mwanangu. Wangapi wamefanya.

Mwenye chuo nimemuahidi Sumeya atakuwa hapa kabla ya tarehe kumi na tano Januari. Nimetoa neno langu. Usinivunjie neno mbele ya watu. Tia saini ile fomu, mpe Jamali, pesa ya muhula wa kwanza mfungie ndani ya kitambaa.

Khairat yuko kazini.

Shangazi yako,
Mwanahija


Kismayo, 5 Januari 2025

Kwa shangazi yangu Mwanahija,

Assalaam aleikum. Barua yako imechelewa, mpakani Ras Kamboni kulichafuka kwa vita, watu walilala mwituni na Jamali alikaa Kiunga wiki mbili na mizigo yake ikioza. Amefika mzima, amekonda. Bibi hajambo. Ametuma kwako mkeka, anasema usiuze.

Mimi kazi ya milango nimemaliza lakini wamenibakiza, wanataka na madirisha.

Shangazi, nina adabu na wewe, na leo nitasema kama mtu aliye na adabu ila hana maneno mengi. Nilikuuliza mambo mawili. Umenijibu lifti, ndevu na kompyuta. Hospitali hukuitaja. Nikauliza Khairat yuko hospitali gani, ukasema yuko kazini. Hiyo ni mara mbili umesema kazini.

Kuna jingine. Mimi Kiingereza sijui. Sumeya anakijua, aliisoma ile fomu mara moja, akatazama ada, akatazama alama, akaiweka. Mtu anayejua kusoma husoma upesi. Mimi nasoma kama anayeokota mchanga, herufi moja moja, natafuta zile ninazozijua. Nilikuwa nimekaa nje ya duka la msumari, nikaigeuza fomu nyuma ili nihesabu madirisha juu yake, na nyuma nikaona mistari mitatu kwa kalamu. Kwenye mstari wa kwanza nikaona neno ninalolijua. K, h, a, i, r, a, t.

Nilimpelekea Sumeya. Alisoma, akasoma tena. Nikamwambia niambie, mimi ndiye mwenye nyumba. Akasema imeandikwa: mwanafunzi huyu ameletwa na Khairat. Akasema mstari wa pili ni deni la Khairat la ada, shilingi sabini na sita elfu. Akasema mstari wa tatu ni kwamba cheti cha Khairat kitatolewa kabatini mwanafunzi aliyeletwa akishalipa mihula miwili.

Nilidhani amekosea. Nikamwambia soma tena. Akasema kaka, nimesoma mara tatu.

Nikuambie jambo lililotokea hapa siku hiyo hiyo, halafu utanijibu. Jioni aliletwa mama kutoka Chula, kwa boti, alikuwa ametoka tangu alfajiri. Nilimjua, ni mke wa jirani yetu. Walimpitisha mbele yangu juu ya machela. Wale wawili wenye simu walikuwa zamu. Mmoja akasema asubiri daktari. Daktari alikuwa nyumbani. Mumewe akanishika shati akasema, "Shuaibu, we si fundi wa hapa, sema na wachu!" Mimi ninayeogopa hata kuomba maji dukani. Nikapiga kelele ukumbini, "Swabra! Swabra wa Ngumi!" mpaka wagonjwa wakaamka. Swabra akatoka anakimbia, kanga imemdondoka. Mtoto alizaliwa kabla daktari hajapata viatu vyake. Wa kiume, wamemwita Famau kwa babu yake. Mama ni mzima.

Sumeya alikuwa amesimama karibu yangu wakati wote. Aliporudi Swabra kunawa mikono, Sumeya alimfuata akamuuliza, "Uliwezaje kujua mtoto amekaa vibaya?" Swabra akamwambia, "Kwa mikono. Nimeshika matumbo mia mbili kabla ya kupewa karatasi yangu." Usiku Sumeya aliniambia hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Kaka, mimi sitaki kusomea mtu wa mpira. Na sitaki kuwa ufunguo wa kabati la mtu."

Niambie kweli, shangazi. Ikiwa nimeelewa vibaya, mimi ni mtu asiyesoma, nitakuomba radhi mbele ya Bibi. Ikiwa nimeelewa vizuri, nataka nisikie kwako, si kwa karatasi.

Pesa ziko palepale, sijatoa hata dola. Chuo cha hapa kinafungua tarehe ishirini na tano.

Shuaibu


Kisauni, 17 Januari 2025

Mwanangu Shuaibu,

Salamu. Leo sina habari za jirani.

Umeelewa vizuri.

Barua yako nimekaa nayo siku mbili chini ya mto. Mkeka wa mamangu nimeutandika, nimekaa juu yake ninapoandika, maana nilipoufungua nikasikia harufu ya nyumbani na nikajiona mtu mbaya.

Khairat alimaliza masomo mwaka juzi mwezi wa nane. Hatukuweza ada ya muhula wa mwisho, na wakaongeza ada ya mtihani, na ya mahafali, na ya kile wanachokiita maendeleo ya jengo. Jengo si lao, wanakodi! Cheti chake nimekiona kwa macho yangu. Karani alifungua kabati akanionyesha, jina lake liko, muhuri uko, halafu akafunga. Siku hizi Khairat anauza vifuniko vya simu, duka la Mhindi, kuanzia asubuhi hadi usiku. Hiyo ndiyo kazini.

Mwenye chuo aliniambia, mama, usilie, tuletee mwanafunzi mmoja tu. Mmoja. Nikawafikiria watoto wote ninaowajua, na aliyekuwa na alama na pesa ni wa kakangu. Ile mistari ya nyuma aliiandika karani wao, mimi fomu sikuigeuza.

Nilijiambia Sumeya hatapoteza kitu. Atakaa kwangu, atakula kwangu, nitamlea. Nilijiambia hivyo kila siku mpaka nikaamini. Hata zile ndevu nilizozisifu sizipendi.

Hospitali hawapelekwi. Umeuliza, nakujibu. Wanatumia yule mtu wa mpira, na ni mmoja, wanafunzi arubaini. Khairat alipoona hivyo alikwenda mwenyewe kwa mkunga mmoja mwenye kliniki huku Kisauni, akawa anamfulia na kumpigia deki ili amruhusu kusimama kando atazame. Miezi mitano. Yale anayoyajua ameyajua kule. Hata hiyo hesabu yangu ya elfu moja na mia nane haikuwa kweli, mwisho wake hufika elfu mbili na nusu, na ukishindwa mwishoni ndiyo kama hujalipa hata mwanzo. Na mtoto asiye na kitambulisho cha huku, hata angepewa cheti, sijui nani angemuajiri. Hilo nililijua tangu barua yako ya kwanza.

Khairat hajui lolote la fomu hii. Mwaka jana nilipomtajia tu Sumeya, alinishika mabega akasema, "Mama, umlete mtu mwingine yeyote, na hata huyo usimlete." Ndiyo maana nikakataza simu. Akijua atanihama nyumba, na atakuwa na haki.

Hujakosea popote. Usiniombe radhi mbele ya Bibi. Mimi ndiye nitakayekuja kuomba, na goti lake nitalishika.

Usimlete.

Mwanahija


Kismayo, 3 Februari 2025

Kwa shangazi yangu Mwanahija,

Assalaam aleikum. Nakubusu mkono, ule ule.

Barua yako imefika jana na Sumeya ameshaanza. Sikuingoja, sitakuficha. Tarehe ishirini na tano, Jumamosi, tulikuwa langoni saa moja asubuhi. Nililipa muhula mmoja tu, mia mbili na arubaini, nikadai risiti, nikaigeuza nyuma nikatazama. Karani akauliza natafuta nini. Nikasema hakuna. Kulala amepata chumba na Swabra, dola ishirini na tano kwa mwezi wanagawana. Hiyo nitatoa mimi kwenye madirisha. Pesa ya mashine haitaguswa kwa chakula wala kwa nguo, nimemwambia Sumeya na nimemwambia Bibi, na Bibi amekubali ile shahada baada ya kuhakikishiwa kwamba hata sheikh wa msikitini Kismayo mwanawe anayo.

Nilikuwa na hasira. Siku nyingi nilipiga msumari nikikufikiria. Nilimwambia Jamali nikimpa barua nyingine ya Mombasa anikate mkono. Halafu uliandika "usimlete", na uliandika ukijua cheti kitabaki kabatini. Basi nikamnunulia Jamali kahawa, nikaomba karatasi.

Bibi sijamwambia. Ukija utamwambia mwenyewe, au usimwambie. Yeye anajua tu kwamba umesema cha Kismayo ni bora, na amekusifu kwa majirani kwamba binti yake hana tamaa ya watu. Vumilia.

Sasa Sumeya ana neno. Vitabu vyao hapa vyote ni vya Kiingereza, na mwalimu anaeleza kwa Kisomali, na Sumeya usiku anachanganyikiwa, mapafu ni neno lipi na mfuko wa uzazi ni lipi. Nilipomsomea pale pa Khairat na yule mkunga wa kliniki, aliruka. Akasema mtu aliyesimama miezi mitano kando ya mkunga, na ni Khairat ninayemjua mimi, lazima aliandika daftari. Tena ameandika kwa Kiswahili chetu. Swabra naye amesema anazitaka, na wasichana wengine watatu wa visiwani darasani kwao wanazitaka. Watalipa kunakili, mimi sikuwaambia walipe, wamesema wenyewe.

Na Swabra amesema jingine. Mkunga mkuu wa hapa akipungukiwa na watu huchukua wasaidizi wasio na cheti, kwa majaribio, huwapa miezi mitatu na huwatazama mikono. Mshahara mdogo. Sijui kama Khairat atataka, na sijui kama atafaa, mimi sijaona kazi yake. Lakini vifuniko vya simu vipo hata Kismayo, akishindwa hatakosa.

Ijumaa usiku baada ya Isha Sumeya atampigia Khairat simu, ataomba daftari tu. Ya fomu hatayataja, ameapa. Hayo ni yako umwambie siku utakayoweza. Lakini simu uiache ilie, shangazi, usiifiche.

Jamali atapita kwako kabla ya kuvuka. Mpe daftari zote, hata zile chafu.

Mwanao,
Shuaibu wa Omar